Wiki Mbili za Kuyeyusha Kitambi

Ijumaa, 6 Januari 1995

Leo baada ya sala ya Ijumaa Mama amefungua sanduku lake na kutoa kizibao cha marehemu Baba. Kile cheusi chenye nakshi ya uzi wa dhahabu, kilichodariziwa kwa mkono kabla mimi sijazaliwa. Kwetu, anayeoza binti hukivaa. Babu alikivaa akimwoza shangazi. Baba alikivaa akimwoza dada yangu. Ijumaa ya tarehe ishirini namwoza Zakiya, binti yangu wa pekee. Zamu yangu!

Nikakijaribu mbele ya watu wote. Mabega, sawa. Mgongo, sawa. Mbele, balaa. Upande wa vifungo na upande wa vitanzi hazikuonana hata kwa mbali. Katikati limekaa tumbo langu, limetulia kama mwenye nyumba. Nikavuta pumzi ndani. Tumbo halikwenda popote.

Nikasema kipelekwe kwa fundi akitanue. Mama akaniuliza kama akili ninazo. Mkasi haujakigusa kizibao hiki, na hautakigusa yeye akiwa hai. Kisha akampa mdogo wangu Riyadh akijaribu. Vifungo vyote vikafunga! Riyadh huyu hukimbia kila alfajiri hadi barabara ya Mama Ngina, ufukweni, na kurudi, na kiuno chake ni cha kijana ingawa ana miaka arobaini.

Mama akatoa hukumu. Kizibao hiki hakivaliwi wazi mbele ya wageni, ni aibu ya ukoo. Kama siku hiyo hakitanifunga, nimfanye Riyadh wakili wangu, ashike yeye mkono wa bwana harusi na kusema yeye maneno ya nikahi. Mimi nikae pembeni nile halua. Mke wangu Mwanakuu akasema si neno, mradi mtoto aolewe.

Ni neno! Ni neno kubwa! Aliyekuwa akimngoja Zakiya mlangoni mwa chuo cha Kurani ni mimi. Maneno yale nimeyasema kichwani tangu mtoto hajaota meno. Nataka kuyasema kwa kinywa changu mwenyewe. Nimetabasamu mbele ya watu, kisha nimekwenda msalani nikakaa huko mpaka Mwanakuu akagonga mlango.

Nimeazimia. Wiki mbili. Mazoezi!

Jumamosi, 7 Januari

Nimefikiri sana dukani. Nauza makufuli na bawaba pale Bondeni, kwa hiyo nafasi ya kufikiri ninayo.

Mafuta ya mwilini ni samli. Samli huyeyuka kwa joto. Ikiyeyuka lazima itoke mahali. Hutokea wapi? Kwenye ngozi, ikiitwa jasho. Basi anayetaka kukonda na atoke jasho, na anayetaka kukonda haraka na avae nguo nyingi. Riyadh hukimbia na fulana nyepesi. Ndiyo maana imemchukua miaka.

Baada ya alasiri nimevaa sweta mbili na koti la mvua juu yake. Jua la kaskazi. Nimetoka Kibokoni kwa mbio. Mzee mmoja aliyekaa barazani akanisimamisha, akaniuliza kwa heshima zote kama huko nitokako kunanyesha. Sikumjibu, pumzi ilikuwa na kazi nyingine. Maji nayo nimekataa. Mafuta yakitoka huacha nafasi, na maji ukiyanywa huijaza nafasi ile ile.

Nilipofika Ngomeni dunia ikazunguka. Nimezinduka nimelazwa kwenye benchi la muuza kahawa, ananipepea kwa sinia lake. Akanipa kahawa chungu na kashata. Kashata zilikuwa nyingi kidogo. Haidhuru, mtu akishatoka jasho chakula hakihesabiwi.

Nyumbani nimezikamua sweta zote mbili kwenye karai. Likajaa mpaka nusu. Lile lote lilikuwa tumbo langu! Nimelimwaga bila huruma.

Jumapili, 8 Januari

Charo ni mlinzi wa ghala lililo karibu na duka langu. Kifua chake hakipiti mlangoni ila kwa ubavu. Nyumbani kwake Majengo, uani, ana klabu ya kunyanyua vyuma, yaani makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na bomba katikati. Leo nimejiunga.

Charo anasema kila sehemu ya mwili ina zoezi lake, na mafuta hutoka pale pale unapopachezesha. Ukitaka mkono ukonde, chezesha mkono. Ukitaka tumbo likonde, likunje tumbo. Imeniingia akilini. Nikalala chali, Charo akanikalia miguuni, akasema inuka. Sikuinuka. Akasema inuka tena. Akanivuta kwa mikono yote miwili, na hesabu akaanza hapo.

Kinauma kila kitu, hata masikio. Charo akanipongeza. Anasema zoezi lisilouma ni wakati uliopotea, na likikuuma sana ndiyo dawa inapanda. Kisha akanipa mayai mabichi kwenye bilauri. Yakashuka, yakakaa kidogo, yakarudi.

Jumatatu, 9 Januari

Siwezi kukohoa. Siwezi kucheka. Ngazi za nyumbani nimezishuka kinyumenyume. Dawa inapanda vizuri sana.

Jumanne, 10 Januari

Riyadh amekuja dukani. Kumbe habari zimeshamfikia. Akaniamkia kwa adabu zake zote, akaniuliza hali kaka, hali ya nyumbani, hali ya kazi, kisha akaanza mawaidha. Tutembee pamoja kila alfajiri, taratibu tu. Ninywe maji. Nipunguze wali wa usiku. Nisiyaue magoti yangu kwa siku chache, kwa sababu tumbo la miaka ishirini haliondoki kwa wiki mbili. Akanikumbusha kuwa haraka haraka haina baraka.

Nikamtazama usoni. Ni uso mwema. Wenye nyuso kama huo ndio wa kuogopwa! Anataka nitembee taratibu, siku zipite taratibu, na yeye avae kizibao taratibu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alipoondoka nikapata wazo, na wazo lenyewe ni zuri mpaka nimefunga duka mapema. Kama mimi nitachelewa kukonda, hakuna sheria inayomkataza Riyadh kunenepa.

Alhamisi, 12 Januari

Nimemwalika Riyadh chakula cha jioni tangu jana. Mke wake yuko Lamu kwa mamake, kwa hiyo amefurahi. Biriani ya mbuzi. Mishkaki. Mkate wa sinia. Halua ya kumalizia. Sinia moja, sisi wawili.

Sasa, mwenyeji hainui mkono siniani kabla ya mgeni. Hiyo ni adabu, Baba alinifundisha kwa kofi. Nikaendelea kumega kidogo kidogo nikimngoja Riyadh anenepe na anawe. Hakunawa. Nikakumbuka kwamba yeye naye alifundishwa na Baba yule yule, kwa mkono ule ule, kuwa mdogo hainui mkono kabla ya mkubwa. Basi mimi namngoja yeye, yeye ananingoja mimi, na biriani inashuka. Tukala mpaka sinia likaonyesha maua yake. Mwanakuu akachungulia, akaliona tupu, akaona haya kwamba mgeni wake atalala njaa. Akaongeza.

Sina wasiwasi. Yeye anakula bila zoezi. Mimi nina jasho la Charo la kulipia.

Jumapili, 15 Januari

Riyadh amekula kwetu kila jioni. Habari njema: alfajiri mbili hizi hakukimbia. Anasema mwili mzito, anaamka jua limeshatoka. Nikampa pole na paja la kuku.

Mama alikwenda mtaa wa Kuze kualika watu. Nikachukua kizibao nikakivaa mbele ya kioo.

Nafasi imepanuka.

Nimekwenda Majengo mbio mbio, au kwa kadiri ya mbio nilizonazo. Charo akalibonyeza tumbo langu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanieleza kwamba mafuta yameanza kugeuka misuli, na misuli huchukua nafasi. Nikauliza kama basi niache mazoezi. Akashtuka. Anasema misuli ukiiacha hugeuka mafuta tena, tena zaidi ya yale ya mwanzo.

Kwa hiyo nikiendelea nitapanuka, na nikiacha nitapanuka. Nimekaa juu ya kopo la saruji nikiwatazama kuku wa Charo. Nimechoka. Magoti yamechoka, mgongo umechoka, na siku ya Zakiya inakuja haina habari na mimi. Asubuhi ameniletea chai akaniuliza kama nimeshachagua kanzu. Nikamwambia kila kitu kiko tayari. Aliponiamini nikataka kulia.

Jumatano, 18 Januari

Nimepata! Lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote hii!

Mwanakuu alipomzaa Zakiya alifungwa mkaja. Ile nguo ndefu anayozungushiwa mzazi tumboni, ikakazwa, akakaa nayo siku arobaini. Na tumbo likaenda zake. Kama nguo inaweza kuondoa tumbo lililobeba mtu mzima, na mikono na miguu yake, itashindwaje na biriani?

Nikaenda kwa Bi Kadzo, mkunga wa Majengo, anayesifiwa kwa kufunga. Kusema ni wangu nilishindwa. Nikasema ni wa mtu wa nyumbani kwangu. Akaniuliza mzazi hajambo. Nikasema hajambo, ila mzito. Akanipa mkaja, akanionyesha namna ya kuanza chini na kukaza kila mara mtu akitoa pumzi, akaniombea dua ndefu kwa ajili ya mtoto. Nikaitikia amina. Ningefanyaje?

Alasiri wanawake wa mtaa wakaja nyumbani na uji wa pilipili manga wa mzazi. Mlango akafungua Mwanakuu, ana miaka arobaini na tisa, mama wa bibi harusi, mikono imejaa unga wa kaimati. Wakampa hongera. Mmoja akawa anatafuta kwa macho alipolazwa mtoto. Mwanakuu akauliza habari hizi zimetoka wapi. Wakasema kwa Bi Kadzo, naye kaambiwa na mwenye mke.

Uji aliupokea, chakula hakirudishwi. Kisha akapanda ngazi. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo ni mbaya kuliko kubwa, huyo mwanamke mwingine nimemweka mtaa gani na amezaa mtoto gani.

Nilikuwa na njia mbili, na zote mbili ni aibu. Nikachagua iliyo fupi. Nikauchomoa mkaja chini ya godoro nikamwambia mzazi ni mimi.

Mwanakuu akakaa juu ya godoro. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Halafu kicheko kikamwishia na uso wake ukawa na uchovu kama wangu. "Abdulhalim," akasema, "keshokutwa tuna harusi. Wallahi sina nguvu za kulea wawili."

Uji nimeunywa mimi. Ungeharibika.

Alhamisi, 19 Januari

Mama ametuita kwa jaribio la mwisho. Nikatangulia. Aibu ile ile. Kisha akakivaa Riyadh, taratibu, kwa kujiamini.

Havikufunga! Wallahi havikufunga! Kifungo cha katikati kilikosa kitanzi chake kwa upana wa kidole. Riyadh akajitazama kama aliyevalishwa tumbo la mtu. Akasema yeye hakuwa na njaa hata siku moja, ila angeinuaje mkono nami kaka yake bado nakula. Nikatazama dirishani. Furaha ilinijaa, na chini ya furaha kilikuwapo kitu kingine ambacho sikukipa nafasi.

Mama akakichukua kizibao, akakikunja. Kisha akasema kesho atakayekifunga ndiye atakayeoza. Tukishindwa sote wawili, kizibao kitarudi sandukuni, na sheikh ndiye atakayemwoza Zakiya kana kwamba mtoto hana watu.

Mkaja ulikuwa chumbani, umekunjwa vizuri.

Ijumaa, 20 Januari

Imekwisha. Nimelala chali naandika huku daftari liko juu ya kifua.

Charo alikuja mchana kunifunga. Akaniambia nitoe pumzi yote, akaweka goti mgongoni mwangu, akavuta. Nikaona nyota. Akavuta tena, akapiga fundo. Kanzu juu. Kizibao juu. Kifungo cha kwanza, kikafunga. Cha pili. Cha tatu. Vyote! Mama akanishika mabega, macho yamemjaa maji, akasema leo nimefanana na marehemu. Nikainamisha kichwa tu, maana kusema nilikuwa siwezi. Nilidhani ni kwa sababu ya furaha.

Ukumbini watu wamejaa, wanawake juu wakisikiliza nyuma ya pazia. Kuketi mkekani walinishusha watu wawili. Sheikh akasoma hotuba ndefu. Kisha mkono wa bwana harusi ukawekwa katika mkono wangu. Ulikuwa wa baridi. Sheikh akanitaka niseme.

Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Pumzi ilikuwa imefungwa pamoja na tumbo. Nikajikaza. Nikasema, "Nime..." Watu wakangoja. Nikasema, "Nimeku..." Jasho likanitiririka mpaka kwenye ndevu. Sheikh akainama, akaninong'oneza kama nimegeuza nia. Bwana harusi akasikia, na rangi ikamtoka usoni. Miaka ishirini na mbili nayangoja maneno haya, na sasa yako pale kooni, hayana hewa ya kupandia!

Riyadh alikuwa ubavuni pangu. Akaninong'oneza nifungue. Nikatikisa kichwa. Bora nife na vifungo vyangu.

Ndipo sauti ya Mama ikashuka kutoka juu, mbele ya ukoo mzima na ukoo wa wakwe. "Halimu! Hebu fungua vifungo hivyo, mwanangu. Twataka kumsikia babake mtoto!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sheikh mwenyewe alicheka. Nikavifungua, kimoja kimoja. Riyadh akapenyeza mkono kwenye mpasuo wa mfuko wa kanzu yangu, akalisaka lile fundo la Charo, akalivuta. Hewa ikaingia. Tumbo likatoka lote, likakaa mbele ya wageni, na sikujali. Nikasema kwa sauti iliyofika barabarani kwamba nimemwoza binti yangu Zakiya kwa mahari tuliyokubaliana. Akasema amekubali. Juu wakapiga vigelegele. Nikalia mbele ya watu wote, na Riyadh akanipa leso yake kwa kuwa yangu ilikuwa chini ya mkaja.

Baadaye nikaenda kumrudishia Mama kizibao. Nilijitayarisha kwa maneno. Hakusema lolote juu ya vifungo. Alisema tu kwamba sauti ilikuwa ya Baba.

Jumapili, 22 Januari

Nimepumzika mazoezi siku mbili. Nimefikiri sana.

Kosa halikuwa langu. Siku zilikuwa chache tu. Charo naye anasema kilichonibana pale mkekani si tumbo, bali ni misuli mipya ya kifua kukosa nafasi. Nimejitazama kwenye kioo na ni kweli, kifua kimekua, ingawa kimekua kwa chini kidogo. Riyadh ameanza tena mbio zake. Leo alipita akaniuliza kama tutembee wote kesho alfajiri. Masikini, bado yuko kwenye kutembea. Nikamwambia nina shughuli.

Na shughuli ninayo. Baba mkwe wa Zakiya amenivuta pembeni. Ana kitambi kikubwa kuliko changu, na baada ya Idi anamwoza binti yake naye. Amesikia mimi ni mtu wa mazoezi, akaniomba nimsaidie. Heshima iliyoje! Nimemwambia aondoe shaka, amefika kwa mwenyewe.

Njia nimeigundua jana Liwatoni, nilipokwenda kununua samaki wa kuwapikia wakwe. Wale samaki wanaokaushwa pale hufika wamejaa, wanene, wanateleza kwa mafuta. Hupasuliwa, hupakwa chumvi, huanikwa juani. Hawakimbii, hawanyanyui chochote. Na angalia wanavyokuwa wakishaitwa ng'onda! Chumvi inavuta mafuta, jua linamaliza kazi. Nani amewahi kuona ng'onda mwenye kitambi?

Kesho jua likishapanda tunalala darini juu, palipo wazi, mimi na mkwe wangu, tumepakwa mwili mzima. Maji hakuna mpaka magharibi. Chumvi nimeshanunua gunia. Mwanakuu nimemwambia ni ya achari.